Vyeti Viwili, Meza Moja

Kazi yangu ni kujazia watu fomu. Nina meza moja na mwavuli mkubwa, mkabala na ofisi ya usajili hapa mjini Busia, kompyuta ndogo inayozimika ikijisikia, na printa inayotafuna karatasi. Watu huniita karani. Serikali haijaniajiri hata siku moja, ila makaratasi yake nayajua kuliko wengi wanaolipwa kuyajua, na nimechoka. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nimeanza kulalamika katikati. Nimechoka na mzazi anayekuja na mtoto wa miaka kumi akitaka cheti cha kuzaliwa kesho asubuhi kwa sababu mwalimu amesema. Nimechoka kuambiwa mtandao umelala. Zaidi ya yote nimechoka kuuliza swali la baba.

Jina la mtoto mtu hulitaja haraka. La mama, haraka. Tukifika kwenye kisanduku cha jina la baba, mtu huanza kuangalia barabara, kana kwamba huyo baba atapita sasa hivi amepakiwa kwenye boda boda. Mwanamke mmoja kutoka Angurai aliniambia niandike "bado." Mwingine alinitajia majina mawili, akasema nichague lile linaloandikika vizuri. Kuna nyanya mmoja wa Mundika aliyetaka aandikwe mama wa mjukuu wake, na nilipomkatalia akaniuliza kama ni mimi niliyekuwa nikimnunulia mtoto maziwa.

Wote nilikuwa nawagombeza. Nilikuwa na hotuba yangu, na niliitoa kwa sauti ili hata waliokuwa kwenye foleni wasikie. Sheria ya kusajili vizazi, niliwaambia, haiulizi heshima wala mila wala huruma. Inauliza kilichotokea. Mtoto alizaliwa lini, wapi, na nani, na baba ni nani. Na kama mama hana ndoa na huyo mwanamume, basi waje wote wawili, waombe pamoja, watie sahihi pamoja. Ukidanganya leo, uongo huo utamsubiri mtoto mlangoni siku atakapotaka kitambulisho. Niliyasema hayo miaka nenda miaka rudi, na sikuona haya hata kidogo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu. Watu walikuwa wamejaa tangu saa mbili asubuhi. Mtoto wa marehemu kaka yangu, msichana, alivuka barabara kutoka ofisini akaja hadi mezani kwangu na bahasha ya kaki ameibana kifuani. Alikuwa ametimiza miaka kumi na minane, amemaliza kidato cha nne, na alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Barua ya chuo ilisema aripoti baada ya wiki saba, akiwa na kitambulisho. Asiporipoti, nafasi inapewa mwingine. Kule kwetu, upande wa Nangina, hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuvaa sare ya nesi. Wanawake wa boma walikuwa wameanza kumwita sista kabla hata hajanunua viatu.

"Baba mdogo, unaitwa ndani," akaniambia.

"Na nani?"

"Yule mama wa vitambulisho. Amesema aliyeshughulikia hizi karatasi aje mwenyewe."

Yule mama tumejuana miaka mingi. Yeye huniletea watu ambao fomu zao zimeharibika, nami humpelekea watu ambao fomu zao ziko sawa. Nikaingia kwa kujiamini, nikijua ni mambo ya muhuri. Alikuwa ameweka vyeti viwili mezani, kimoja kando ya kingine.

"Karani, nisomee tarehe," akasema.

Kimoja kilikuwa cheti cha kuzaliwa cha msichana. Kwenye kisanduku cha baba palikuwa na jina kamili la kaka yangu. Cha pili kilikuwa cheti cha kifo cha kaka yangu, maana mwombaji ambaye mzazi wake amekufa huleta hicho badala ya kitambulisho cha mzazi. Nikasoma tarehe. Kaka yangu alikufa miaka mitatu na ushee kabla ya msichana kuzaliwa.

"Sasa huyu mtu alizaa akiwa wapi?" akauliza. Hakuwa anatania.

Vyeti vyote viwili nilivitafuta mimi, kwa miguu yangu, katika ofisi hiyo hiyo. Wacha niseme ilivyokuwa.

Kaka yangu alikuwa dereva wa lori. Alishikwa na homa Malaba, kwenye ile foleni ya malori inayofika mbali kuliko macho, na kwa kuwa hangeweza kuacha mzigo wa watu akalala ndani ya lori siku tatu akingoja kuvuka. Ilikuwa malaria, ilikuwa imeshapanda kichwani. Dereva mwingine alilivusha lile lori, yeye tukamrudisha nyumbani kuzikwa. Alikuwa na mke kijana, aliyefunga naye ndoa kanisani, na hawakuwa wamepata mtoto. Mwajiri wake alitaka cheti cha kifo, nikakipata kabla ya mwezi kuisha. Mimi ni mtu wa makaratasi, ndugu zangu walijivuna.

Kwetu Samia, mwanamume akifa ameacha mke bila mtoto, nyumba yake haiachwi izimike. Wazee walikaa mara mbili. Katekista alinuna, lakini hakuwazuia. Walinichagua mimi, mdogo wake, nikiwa tayari na mke wangu na watoto wawili. Sikuombwa maoni, na nisijifanye hapa kwamba nilikataa. Nilipewa wajibu nikautimiza. Mtoto akizaliwa katika nyumba ile si wa aliyemzaa. Ni wa marehemu, mwenye nyumba, mwenye mke. Aliyemzaa huitwa baba mdogo kama anavyoitwa na watoto wote wa kaka zake, na hapo mazungumzo yanaishia. Waswahili husema kitanda hakizai haramu. Kwetu kitanda hakifi hata mwenyewe akifa.

Basi siku shemeji yangu alipojifungua, nesi alimwuliza baba wa mtoto ni nani, naye akataja bwana yake. Hakudanganya. Mwulize hata leo atakujibu vivyo hivyo. Nesi akaandika alichoambiwa. Msichana alipofika umri wa shule nilichukua ile karatasi ya hospitali, nikaileta Busia, nikapata cheti, nikasoma jina la kaka yangu kwenye kile kisanduku, na nikaona ni sawa kabisa. Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa nimeghushi ningejua pa kujificha. Mimi sikuona kosa. Mimi wa hotuba, mimi wa "sheria inauliza kilichotokea." Nilikuwa na sheria ya wateja na sheria ya nyumbani, na hazikuwahi kukutana, kama vile vyeti viwili ambavyo havikuwahi kukaa kwenye meza moja.

Mama wa vitambulisho alimtuma msichana nje akaketi kwenye benchi.

"Wewe unajua huu mpaka," akaniambia polepole. "Mtu anavuka pale, anatafuta jina la Mkenya aliyekufa, analivaa. Hii nikiipeleka mbele hivi ilivyo, italeta maswali kwako, kwangu na kwa huyu mtoto. Mama yake ana kitambulisho?"

"Anacho. Cha Uganda."

Shemeji ni Msamia kama sisi, lugha moja, nyimbo za mazishi moja. Amezaliwa Majanji, ng'ambo. Alipoolewa alikuja na sanduku lake la nguo, na hakuna aliyefikiri kwamba kuna karatasi ya kubadilisha. Hajaibadilisha hadi leo.

"Kwa hivyo tukimwondoa marehemu," akasema, "mtoto anabaki na mzazi mmoja, na huyo mzazi si wa hapa." Akasukuma cheti cha kuzaliwa kuelekea kwangu. "Baba yake ni nani, karani?"

Nikaangalia dirisha. Nilijishika nikiangalia barabara, kama wale wote niliowagombeza. Yeye aliniangalia usoni, kisha akageuka akamwangalia msichana kupitia mlango uliokuwa wazi. Sisi tuna paji pana, la ukoo mzima.

"Haya," akasema. Akavirudisha vyeti ndani ya bahasha. "Njooni wawili, wewe na mama. Leteni kiapo, mtie sahihi, tusahihishe cheti. Bila hivyo huyu mtoto hana baba, na bila baba hana Kenya. Hizo wiki saba si nyingi, unatujua."

Nilipotoka nilimwambia msichana kuna kosa dogo la tarehe, nitalinyoosha. Akaniambia sawa, baba mdogo. Akafunga kamba ya kiatu, akaenda. Nilirudi kwenye mwavuli wangu nikakuta watu sita wananingoja, na wa kwanza alitaka kujua kama ni lazima kuandika baba.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Shemeji alikuwa ameanika muhogo kwenye turubai mbele ya nyumba ya kaka yangu, anaugeuza kipande kimoja kimoja. Nikavuta kigoda nikamweleza jambo lote kama ninavyomweleza mteja, kwa mpangilio, kwanza hiki, pili hiki. Alinisikiliza bila kuacha kazi.

"Kwa hivyo unataka nitie sahihi kwamba bwana yangu hakuzaa," akasema.

"Si mimi ninayetaka. Serikali ndiyo inataka."

"Serikali ilikuwa wapi mkinikalisha kwenye mkeka mbele ya wazee?"

Nikaokota kipande cha muhogo kilichoanguka nikakirudisha kwenye turubai.

"Nimekaa hapa zaidi ya miaka ishirini, shemeji," akaendelea. "Kwetu si mbali. Ningesimama pale kilimani ningeona moshi wa kwetu. Sikurudi, kwa sababu katika nyumba hii kuna mtoto wa bwana yangu. Ukimchukua uniambie, mimi ninakaa hapa kwa nani?"

"Simchukui. Ni karatasi tu."

"Karatasi tu." Akatabasamu vibaya. "Wewe unayekula kwa karatasi. Bambi, nakusihi, shemeji, usimzike mara ya pili."

Hapo hasira zikanipanda. Nilimwambia aliyekufa amekufa na aliye hai anataka kwenda chuo, na kama anataka kumkalisha mtoto hapa ageuze muhogo maisha yake yote kwa ajili ya kaburi, basi aseme wazi. Nilijuta kabla sijamaliza. Yeye alichukua kipande kingine cha muhogo akakigeuza. Nilirudi tena wiki iliyofuata, na tena, na mara ya tatu alifunga mlango nikiwa nimesimama uani, mchana kweupe, kuku wakiniangalia. Ukoo mzima ulijua nimekuja kufanya nini, na hakuna aliyetoka nje kunisalimu.

Mke wangu nilikuwa sijamwambia. Nilimwambia baada ya ule mlango kufungwa, kwa sababu nilikuwa sina nguvu tena ya kuficha. Tunakaa hapa mjini, vyumba viwili na jiko. Alikuwa anachambua maharagwe.

"Nimeambiwa nitie sahihi kwamba yule mtoto wa kule ni wangu," nikasema.

"Ni wa nani mwingine?" Hakuinua macho.

"Naongea habari ya kisheria."

"Basi tia." Akatupa kijiwe nje ya mlango. "Chumvi imeisha, ukipita dukani."

Nikamshukuru Mungu kwamba hakupiga kelele, nikaenda kununua chumvi, nikafikiri upande huo umeisha. Sisi wanaume tunashukuru haraka.

Zilikuwa zimebaki wiki nne. Usiku silali, mchana nawajazia watu tarehe za kuzaliwa za watoto wao huku nahesabu siku za yule mmoja. Nilianza kukosea. Nilimwandika mtoto wa mtu kuwa mwanamke, akarudi baba yake amefura, akaniuliza kama nimeanza kunywa. Nilimwambia ningekuwa nakunywa ningekuwa na afadhali.

Alasiri moja ya mvua nyepesi, wateja hakuna, msichana alikuja akaketi kwenye kile kiti cha mteja. Hakusalimu kwa kuinama kama kawaida yake. Aliweka bahasha mezani.

"Baba mdogo, nijazie fomu."

"Fomu gani?"

"Ya kusahihisha cheti. Niulize kama unavyowauliza watu."

Nilidhani anatania, lakini uso wake haukuwa wa utani. Nikafungua kompyuta. Nikamwuliza jina lake, akataja. Tarehe, akataja. Mahali, jina la mama, akataja. Kisha nikafika pale. Vidole vyangu vilikuwa juu ya herufi.

"Jina la baba," akajisemea mwenyewe. Hakuangalia barabara. Aliniangalia mimi, akataja majina yangu matatu, moja moja, kama mtu anayemtajia karani asiyesikia vizuri.

"Nani amekuambia?"

"Nani aniambie?" akasema. "Msalaba wa kaburi una mwaka, baba mdogo. Uko pale kwenye simenti. Nilifanya hesabu nikiwa darasa la nne, wiki tuliyofundishwa kutoa kwa kukopa. Nilidhani nimekosea, nikarudia. Mwaka uliofuata nikarudia tena."

"Mbona hukuuliza?"

"Ningemwuliza nani? Wote mlikuwa mnajua na wote mlikuwa mmenyamaza. Nikasema basi hiyo ndiyo adabu."

Niliona aibu, aibu ya mtu mzima, ile inayokaa shingoni. Miaka minane au tisa mtoto huyu alikuwa anakuja likizo, ananiamkia, ananipakulia chakula, ananiita baba mdogo mbele ya watoto wangu, na alikuwa anajua. Na ndani ya ile aibu, wacha niseme ukweli kwa sababu umri wangu hauniruhusu tena kujipamba, palikuwa na furaha. Nilifikiri sasa ataniita.

"Usinielewe vibaya," akasema, kana kwamba ameniona ndani. "Mimi sitafuti baba. Baba ninaye. Yuko pale, nimemfagilia tangu sijui kushika fagio vizuri. Nataka kitambulisho."

Nikamwambia nimeelewa.

"Mama nimeongea naye. Atakuja Alhamisi. Nimemwambia jina langu sibadilishi, litabaki la baba. Hilo sheria inakubali?"

Inakubali. Jina la mtoto ni jambo moja na kisanduku cha baba ni jambo lingine, na mtu anaweza kuitwa jina la ukoo wowote bila kisanduku kubadilika. Hilo nimewaeleza watu mpaka sauti ikakauka. Nikamwambia inakubali.

Kile kiapo nilikichapa mwenyewe. "Mimi ndiye baba mzazi wa mtoto aliyetajwa hapo juu." Hilo ni fungu ninalo tayari kwenye kompyuta, nabadilisha majina tu. Nimewachapia wanaume wengi, na wakimeza mate nilikuwa nawaharakisha, nikisema printa inapoa. Safari hii nilichapa neno kwa neno kama mwanafunzi.

Shemeji alikuja Alhamisi amevaa gauni la kanisani. Tulipanda ngazi hadi kwa wakili, mimi mbele, yeye nyuma, msichana katikati. Shemeji alisoma kila mstari akifuata kwa kidole, ingawa shule yake iliishia darasa la sita. Alipomaliza akamwuliza wakili:

"Hii inapelekwa wapi?"

"Inaingia kwenye faili, mama."

"Haisomwi kanisani?"

"Haisomwi popote."

Akatia sahihi. Nami nikatia. Wakili akagonga muhuri huku anaongea na simu. Tulipofika chini, msichana akiwa ametangulia kununua maji, shemeji alinisogelea. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi tunasimama karibu hivyo.

"Yeye nimempa kitambulisho," akaniambia. "Wewe sijakupa mtoto." Akavuta leso yake begani, akaenda kutafuta boda boda.

Baada ya hapo ikawa ni kusubiri, na kusubiri nimekujua kutoka upande wa pili wa meza. Kila asubuhi nilivuka barabara. Mara mtandao umelala, mara mwenye kuidhinisha yuko kwenye mkutano, mara faili imekwenda na haijarudi. Askari wa mlangoni, ambaye tunakunywa chai naye kila siku, aliniambia nifuate foleni kama wengine, na alikuwa na haki. Niliketi kwenye benchi kati ya wateja wangu mwenyewe. Mmoja akaniuliza, karani, hata wewe? Nikamwambia hata mimi. Kwa chifu ilikuwa vivyo hivyo: alitazama cheti kipya, akanitazama, akagonga muhuri mara mbili kwenye fomu ya kitambulisho ingawa mara moja ilitosha. Msichana alichukuliwa alama za vidole siku sita kabla ya kuripoti. Kadi yenyewe haikuwa imetoka, lakini chuo kilikubali karatasi ya kungojea. Sikuwa na nguvu hata ya kufurahi.

Siku moja kabla ya kuondoka alipita mezani kwangu kuaga. Alikuwa amesuka nywele upya. Alitoa ile bahasha ya kaki akaniwekea mbele yangu.

"Hiki cheti kaa nacho wewe, baba mdogo," akasema. "Chuo kimechukua nakala. Mama hataki kilale nyumbani. Nikikihitaji nitakuja."

Nikamwambia sawa. Nikamwambia asome kwa bidii, asikae na watu wasiosoma, maneno ambayo kila mtu humwambia kila mtoto. Akaninyooshea mkono, akainama kidogo kama zamani, akaenda. Nilipobaki peke yangu nilikitoa. Jina lake lilikuwa na jina la kaka yangu mwishoni. Chini yake, kwenye kisanduku, palikuwa na langu. Ni karatasi moja tu duniani inayosema hivyo, na mwenyewe alikuwa ameniachia kwa sababu hapakuwa na nyumba ya kuiweka.

Jioni nilikipeleka nyumbani ndani ya shati. Makaratasi ya watoto wetu mke wangu huyaweka kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati. Nilikuwa na nia ya kukitia chini kabisa, chini ya risiti za zamani, nifunike, yaishe. Aliingia nikiwa nimeshika mfuniko.

"Lete," akasema.

Alipangusa mikono kwenye leso akakipokea. Akakisoma chote, hata maandishi madogo ya chini ambayo hakuna anayeyasoma. Kisha akatoa vyeti vya watoto wetu wanne akavipanga mezani kwa mstari, wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, kama walivyozaliwa. Kati ya wa pili na wa tatu pana miaka sita. Watu walipouliza, mimi nilikuwa nawajibu kwamba Mungu alichelewa.

"Mungu hakuchelewa," akasema mke wangu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya chumvi imeisha. "Miaka ile nililala na watoto, nikakuambia wanakohoa. Ulikuwa unatoka kule asubuhi unakuja kuniomba chai. Nilikupikia. Hukuwahi kuniuliza ni kikohozi gani hicho cha miaka sita."

Nikauweka ule mfuniko mezani.

Akasogeza cheti cha wa tatu na cha wa nne pembeni kwa kiganja. Akakiweka cha msichana katikati, akakinyoosha kona iliyokunjika. Halafu akavikusanya vyote vitano, akavitia ndani ya mkebe, akafunika.